Kumi la Tano

Watu wa mtaani huniita Sista, ingawa mimi si sista. Nimewaeleza mpaka nikachoka. Masista wana nyumba kubwa, wana mkuu wao, wana gari jeupe. Mimi nina tukul moja ya udongo iliyoezekwa nyasi, rakuba ndogo ya kukalia kivulini, pipa la maji, na ua wa mabati huku Kator, mjini Juba, mahali ambapo kengele ya kanisa kuu inasikika lakini mahubiri hayafiki. Kwa lugha ya Kanisa naitwa mkaapweke. Niliweka nadhiri mbele ya askofu kwamba nitaishi peke yangu, kimya, kwa sala na kazi ya mikono, chini ya ulinzi wa Bikira Maria, mpaka nife. Mwenyekiti wa jumuiya yetu alipoelezwa hayo alifikiri kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo wewe ni sista, lakini hutaki stress za masista." Sijapata maelezo bora kuliko hayo, kwa hiyo nimeyaacha.

Mwenyekiti huyu ni mama mwenye sauti, aliyekulia Eldoret akarudi Juba na watoto wanne na Kiswahili cha huko. Anafanya kazi uwanja wa ndege, upande wa mizigo. Ndiye aliyeniletea sanamu yangu ya Bikira Maria. Ilitoka Entebbe imefungwa kwa magazeti, ikafika bila mkono wa kulia, na mwenye kuiagiza akaikataa palepale. Mwenyekiti akaitia kwenye mfuko wa unga, akaja nayo Jumamosi. "Sista, huyu hana mkono na wewe huna watu," akasema. "Mtaelewana." Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaitengenezea kibao ukutani, nikaifunga kipande cha kitenge cha buluu begani ili pengo lisionekane, na tangu hapo ndiye Mama wa nyumba hii.

Kazi yangu ni kusuka rozari za kamba. Nanunua kamba ya nailoni soko la Konyokonyo, naikata, naketi chini ya rakuba. Kila punje ni fundo: unazungusha kamba mara tatu kidoleni, unapitisha ncha katikati, unavuta polepole. Kwa kila fundo nasali Salamu Maria moja. Mawazo yakitangatanga mkono unajua kabla ya kichwa; fundo linalegea, nalifungua, narudia kamba na sala vyote viwili. Ndiyo maana rozari yangu moja inaweza kula siku nzima. Kuna siku nimefungua mafundo mengi kuliko niliyofunga, na siku hizo siwezi kujidai kwamba nilikuwa nasali.

Kanuni ya maisha yangu niliiandika mwenyewe, kama inavyotakiwa, kisha wakubwa wakaipitisha. Nakwenda Misa. Nakwenda sokoni kununua kamba na unga. Lakini langoni kwangu anaingia mtu Jumamosi tu, kwa kuwa ni siku ya Bikira Maria, tangu baada ya Misa hadi kengele ya adhuhuri. Siku nyingine sifungui wala sijibu hodi, labda nyumba ya jirani iwe inaungua. Abuna, paroko wetu, aliisoma hadi mwisho, akauliza, "Na mama yako je?" Nikamjibu kwa maneno ya Injili kuhusu wanaoacha baba na mama. Alinitazama kwa muda, kisha akatia sahihi. Wakati ule nilidhani ananistaajabia.

Lazima nieleze habari za mama yangu hapa, maana bila yeye habari hii haina kichwa wala miguu.

Mama yangu anakaa Malakia, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwangu ukipita njia ya ndani. Alizaa watoto watano. Wa kwanza alifia njiani wakikimbilia Uganda, akazikwa kwa mawe kando ya barabara kwa sababu hakukuwa na jembe. Wa pili alichukuliwa na surua kambini. Wa tatu, kaka yangu, alikwenda vitani akiwa hajaanza kunyoa ndevu, na hakuna aliyerudi kutuambia aliishia wapi. Wa nne, dada yangu, alifariki hapa Juba akijifungua, baada ya sisi kurudi, tulipodhani mabaya yamekwisha. Wa tano ni mimi.

Rozari alijifunza kambini. Katekista wetu alikuwa askari mstaafu wa Uganda, na Kiswahili cha jeshini ndicho pekee alichoweza kutumia kwa watu wa makabila kumi waliokaa chini ya turubai moja. Ndivyo mama alivyopata Salamu Maria iliyonyooka kabisa, huku Kiswahili chake cha kununulia chumvi kikibaki cha kubahatisha. Mimi baadaye masista walinipeleka shule Kenya, nikajua kusahihisha watu. Sala ya mama ndiyo pekee ambayo sikuwahi kuisahihisha.

Alikuwa na desturi yake. Makumi ya rozari ni matano, kila moja Salamu Maria kumi, na watoto ni watano, basi kila kumi lilikuwa na mwenyewe. Akimaliza kumi la kwanza alisema kwa sauti ya chini, "Huyu wa njiani, Mungu amlaze." La pili, "Huyu wa surua, Mungu amlaze." Kwa sisi tuliokuwa hai alisema maneno mengine: "Na huyu, Mungu, hapana haraka." Nilipokuwa mdogo tulikuwa watatu wa hapana haraka. Nilikuwepo jioni alipofika kumi la tatu, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akamwombea kaka yangu alazwe. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba ameacha kumngoja. Baada ya dada, nilibaki mwenyewe.

Kila kumi huwa na tendo lake la kutafakari, la furaha, la uchungu au la utukufu kufuatana na siku, lakini yeye siku zote alisali matendo ya furaha, hata Ijumaa Kuu. Katekista alimkemea mbele za watu. Mama akamwambia, "Uchungu mimi iko nayo yangu mingi. Ya Bikira nitaongeza ya nini?" Yule mzee hakurudia tena. Kwa hiyo mimi nilikua nikiwa tendo la tano la furaha: Maria anamkuta Yesu hekaluni. Nilipokuwa na miaka saba niliamini kabisa kwamba tendo lile lilitungwa kwa ajili yangu.

Mama alitaka wajukuu. Ni haki yake. Mtu aliyezika namna ile ana haki ya kutaka kitoto kimkojolee mapajani. Mimi nilifundisha shule miaka mingi, nikakataa wachumba wawili wazuri na mmoja wa kawaida, nikafika miaka arobaini nikiwa nimechoshwa na kelele zote za dunia isipokuwa ile ya kimya. Nilipomwambia ninachotaka, hakupiga kelele. Aliuliza kama nitakuwa na chakula. Siku ya nadhiri alikuja, amevaa nguo yake ya akina mama wa kanisa, akaketi benchi la pili.

Kosa nililofanya siku ile ni la watu wa aina yangu, wanaojua ibada kuliko wanavyojua watu. Katika ibada ya nadhiri kuna mahali ambapo unalala kifudifudi sakafuni mbele ya altare wakati litania ya watakatifu inaimbwa. Nami nilikuwa nimeomba nifunikwe shuka jeupe, kama ilivyo desturi ya watawa wa mahali fulani, kuonyesha kwamba nimeifia dunia. Nilimweleza mwenyekiti. Nilimweleza mpiga kinanda. Nilimweleza hata mama wa kufagia kanisa, asije akaniondolea shuka. Mama yangu sikumweleza.

Kwetu mtu akilazwa kanisani chini ya shuka jeupe, watu wakaimba, hiyo ina maana moja tu. Nilipoinuka na kutazama benchi la pili, alikuwa ameshaondoka. Kesho yake alinyoa nywele zote, kama alivyonyoa kwenye msiba wa dada yangu.

Ningeweza kusema kwamba mama hakuelewa liturujia. Nilisema hivyo mwaka mzima. Lakini alielewa kuliko mimi: nilikuwa nimetangaza hadharani kwamba nimekufa kwa dunia, na yeye ndiye aliyekuwa sehemu kubwa ya dunia niliyokuwa nayo.

Nilimsukia rozari ya kamba ya buluu, nzuri kuliko zote nilizowahi kusuka, nikampa mwenyekiti ampelekee Malakia. Jumamosi iliyofuata mwenyekiti alirudi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anatafuta maneno. Alinipa karatasi ya daftari iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na kipande cha kamba chenye mafundo kumi, kilichokatwa kwa wembe pande zote mbili.

"Amesema hii ni yako," mwenyekiti akasema. "Amesema kwake sasa makumi ni manne."

"Na nyingine amebaki nayo?"

"Amebaki nayo. Ameifunga tu pale alipokata. Sista, maalesh, nisamehe. Mimi nimeambiwa nilete, nimeleta."

Nilihesabu mafundo, kana kwamba huenda angenipunja moja. Yalikuwa kumi. Hakunihesabu kwa walazwao, wala kwa wale wa hapana haraka. Alinifuta.

Nilikiweka kile kipande chini ya miguu ya sanamu, nikasema ni sadaka. Nilisema hivyo hata kwenye kitubio, na nilipenda jinsi nilivyokuwa nasikika. Ukweli ni kwamba nilikasirika, na mkaapweke akikasirika ana muda mwingi wa kufanya hivyo. Nilikuwa nakwenda Konyokonyo kununua kamba, natoka hapo nikiwa na uwezo wa kukunja kona mbili tu nikafika mlangoni kwa mama, na nilikuwa nanyoosha njia nikirudi kwangu na kamba yangu. Kanuni haikunikataza. Niliangalia, ilikuwa kimya kuhusu kona zile. Nilikuwa nangoja yeye aje kwanza.

Miaka minne ilipita namna hiyo. Kila siku asubuhi, mchana na jioni nilisali Malaika wa Bwana. Kila siku nilimwita Mama, Mama, Mama, mara zisizohesabika, nikifunga mafundo. Nilimwambia yule wa kibaoni mambo yote: maji yalivyokuwa machafu, jirani alivyowasha jenereta wakati wa sala, joto la mwezi wa tatu. Yeye hakuniuliza wajukuu wako wapi. Hakunyoa nywele. Ni rahisi kuwa mtoto mzuri kwa mama wa plasta, na nilikuwa mtoto mzuri sana.

Hata matendo ya rozari nilikuwa nayachagua. Nililipenda tendo la kwanza: Maria chumbani, mlango umefungwa, na malaika peke yake ndiye aliyepata pa kupitia. Nilijiona humo. Tendo la pili, Maria anapofunga safari kwenda milimani kumwona Elizabeti, nililisali kwa sababu lipo. Nilikuwa nimeshajipa maelezo kwamba safari ile ilikuwa dharura tu, na kwamba kwa kawaida yake alikuwa mtu wa kukaa ndani.

Kisha ukaja Oktoba wa mwaka jana, mwezi wa rozari. Mwenyekiti alitaka akina mama wa jumuiya wasali kwangu kila jioni, kwa sababu nina Bikira Maria na nina nafasi. Nilikataa. Akasema, "Bikira Maria mwenyewe si angefungua?" Nikamwambia Bikira Maria hakuwa na kanuni iliyotiwa sahihi. Akaniangalia kama anavyoangalia mzigo usio na karatasi. Tukaachana vibaya.

Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi, mtu aligonga lango kwa jiwe. Mara tatu. Nikaendelea na fundo langu. Nilisikia mtu akijishusha chini taratibu nje ya bati, akihema, halafu kimya. Baada ya kama nusu saa akaondoka. Nilijua ni kazi ya mwenyekiti: ameshindwa mwenyewe, sasa ananitumia vikongwe wanilainishe. Jumamosi nilipofungua nilikuta maganda ya karanga pale chini, yamekusanywa vizuri mahali pamoja. Nikayafagia.

Jumatano ya pili, saa ileile, jiwe lilelile. Safari hii aligonga mara moja tu. Niliketi nimekaza shingo chini ya rakuba yangu, na nakumbuka nilijisikia vizuri. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilijisikia mlinzi hodari wa kitu fulani.

Jumatano ya tatu hakugonga. Nilimsikia akijishusha chini, akakohoa, na baada ya muda ikaanza sauti nyembamba, ya mtu asiye na meno mengi: "Tendo la kwanza. Malaika anampasha habari Maria kuwa atakuwa Mama wa Mungu." Moyo wangu wa ualimu ukaruka mara moja. Jumatano ni matendo ya utukufu. Ni nani huyu anayekuja kusali langoni kwa watu bila kujua siku?

Kisha nikagundua jambo jingine. Alikuwa anasali nusu tu. Alisema Salamu Maria hadi mahali anapoishia kiongozi, "mzao wa tumbo lako amebarikiwa," akanyamaza. Hapo ndipo wengine hujibu. Alingoja. Hakuna aliyejibu, akaanza upya nusu ileile, akangoja tena. Aliyefundishwa sala ile hawezi kuiacha ikining'inia. Mara ya tatu nilijibu moyoni. Mara ya nne midomo ilitikisika. Mara ya tano nilisikia sauti yangu mwenyewe, siku ya Jumatano, saa ya kimya: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Amina."

Halafu akaendelea, haraka zaidi.

Tulimaliza kumi la kwanza hivyo, bati likiwa katikati yetu. Mwishoni alisema kitu cha chini ambacho sikukishika, kwa kuwa bodaboda ilikuwa inapita. Tukasali la pili, Maria anakwenda kumtembelea Elizabeti. Barabara ikatulia, na baada ya Atukuzwe Baba nikasikia wazi kabisa, "Huyu wa surua, Mungu amlaze."

Kamba iliniponyoka mkononi.

Mtu mwema angekimbilia lango. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikukimbia, na jibu si kanuni. Kanuni ilikuwa imeshatoka kichwani mwangu. Niliogopa. Yeye yupo nje na rozari ya makumi manne. Nikifungua sasa, atanyamaza, nami sitajua kamwe kama kuna la tano. Na nisipofungua, tutafika mwisho wa la nne, na nitasikia akijipangusa vumbi na kuondoka, na hapo nitajua. Nilibaki nimeketi, nikijibu. Kumi la tatu, Yesu anazaliwa. "Huyu wa vita, Mungu amlaze." Kumi la nne, Yesu anatolewa hekaluni. Nilisali kumi lile polepole kuliko sala yoyote maishani mwangu. Nilikuwa navuta kila Amina.

"Huyu wa kujifungua, Mungu amlaze."

Sikusikia kujipangusa. Sikusikia tendo la tano. Jenereta la jirani liliendelea na shughuli zake.

Niliinuka. Nilikwenda kwanza ndani, kwa Mama wa kibaoni, nikainua miguu yake na kuchukua kile kipande cha mafundo kumi. Kilikuwa kimeacha alama nyeupe kwenye ubao, miaka minne ya vumbi ikiwa imekizunguka. Kisha nikaenda langoni. Komeo langu halijazoea Jumatano. Siku ile lilinikatalia mpaka nikalipiga kwa kiganja.

Alikuwa ameketi juu ya kipande cha katoni, miguu ameinyoosha mbele, mfuko wa plastiki pembeni wenye kadi ya kliniki. Jumatano ni siku ya watu wa presha kwenye kliniki ya jirani. Alikuwa akitoka huko anapita kwangu, Jumatano tatu mfululizo, na dawa zake na karanga zake. Nywele zilikuwa zimeota, nyeupe zote. Alikuwa mdogo. Sikumbuki mama yangu kuwa mdogo.

Alinitazama kuanzia miguuni kupanda juu, kama alivyokuwa akinitazama nikirudi likizo kutoka Kenya.

"Wewe nanenepa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kukaa kimya nanenepesha mtu." Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Kumi yangu iko wapi?"

Nilipiga magoti pale vumbini, nikamwekea kipande kile kiganjani. Watu walikuwa wanapita. Mwanamke wa chai ng'ambo ya barabara alikuwa ameacha birika lake na kututazama waziwazi. Mama alihesabu mafundo kwa kidole gumba, yote kumi, kama nilivyofanya mimi. Halafu akatoa rozari yake kifuani. Buluu ilikuwa imechujuka kwa jasho na sabuni. Pale alipokata kwa wembe alikuwa amefunga mwenyewe, fundo la kufungia gunia, kubwa na baya. Akanipa vyote viwili.

Nililifungua fundo lake. Ilinichukua muda, alikuwa amelikaza kwa hasira, na hasira yake naijua kwa kuwa ndiyo yangu. Kamba ilikuwa fupi mno kuunganishwa vizuri. Nilitaka kuingia ndani nikachukue mpya, nimsukie nyingine kabisa, nikamwambia hivyo.

"Wacha," akasema. "Sali."

Nikaanza. "Tendo la tano. Maria anamkuta Yesu hekaluni." Kabla ya tendo hilo katika Injili kuna siku tatu ambazo yule mama alizunguka mji mzima akiuliza watu, na mtoto alipopatikana alishangaa kwamba walikuwa wanamtafuta. Nimelisali tendo lile tangu nina miaka saba nikiwa upande wa mtoto. Siku ile, nimepiga magoti langoni kwangu, niliusikia upande wa pili, na nililia mbele ya mwanamke wa chai na kila aliyetaka kuona.

Mimi niliongoza, mama alijibu. Mikono yangu iliendelea kuhangaika na zile ncha fupi, na wakati wa Atukuzwe Baba zikashikana. Lile fundo ni baya kuliko yote niliyowahi kufunga. Lingekuwa la kuuza ningelitupa.

Kisha tukafika pale. Mahali pale baada ya kumi, ambapo anasema. Nilitazama chini, kwenye maganda ya karanga ya siku ile. Alichukua rozari mkononi mwangu, akalivuta lile fundo mara mbili kuona kama linashika.

"Na huyu," akasema, "Mungu, hapana haraka."

Akaomba maji ya kumezea dawa. Nilikwenda kuyachota, na lango nililiacha wazi.